Chupa ya Chai Uliyonipa

Garsen, Tana River

Mama yangu mpenzi,

Natumaini barua hii inakukuta umeketi, kikapu cha majani ya chai umekitua na goti halikusumbui. Baba je, kikohozi kimempungukia? Sisi huku tuko wazima. Mjukuu wako ananyonya kama aliyeambiwa kesho hakuna, na mimi nimepata nguvu. Bado niko ndani ya arobaini, kwa hiyo kazi yangu ni kula, kulala na kunyonyesha. Nikishika ufagio tu, wananinyang'anya.

Nakuandikia kwa sababu ya simu ile ya wiki iliyopita. Ulinisikia nalia, nikakwambia mama mkwe ameivunja chupa ya chai uliyonipa, kisha mtandao ukapotea kama kawaida yake. Nilipokupata tena ulikuwa umeshaamua: kaka Ombati apande basi aje anichukue mimi na mtoto, maana watu wanaomvunjia mzazi vyombo hawawezi kumtunza. Ukakata kabla sijasema neno. Nakujua, mama, ukikasirika husikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Karatasi huwezi kuikatia.

Najua pia kwamba hukufurahi nilipoolewa mbali hivi, kwa watu wa dini nyingine, na kwamba hujawahi kukanyaga huku. Kwa hiyo nakuomba usome polepole.

Unaijua chai yetu ya Nyamira. Maji yachemke, majani yaingie, maziwa yafuate mwisho, tena kidogo, kwa kuwa mengine yanakwenda kuuzwa. Huku kwa Waorma wanaanza na maziwa, na maji ni ya kuonjesha tu. Sukari inaingia mapema ipikike pamoja na tangawizi iliyopondwa, kisha majani, kisha moto unapunguzwa chai ipande na kushuka bila kumwagika. Kizuri zaidi ni kile kinachofanyika kabla ya sufuria kubandikwa motoni. Kibuyu cha maziwa lazima kifukizwe. Mama mkwe huchukua kijiti cha mti mmoja wenye harufu nzuri, ambao kila nikilitamka jina lake kwa Kiorma wifi yangu Zeinabu anaangua kicheko. Hukichoma hadi kiwe kaa, akalitia kaa ndani ya kibuyu, akafunika, akatikisa, halafu akakung'uta majivu. Maziwa yakikaa humo hayaharibiki upesi, na chai yake inanukia moshi mtamu. Siku za kwanza nilidhani maziwa yameungua, nikawa nameza kwa adabu. Sasa nikinywa chai isiyo na moshi naona mpishi kasahau kitu.

Basi nilipojifungua, chupa yako ile yenye maua mekundu ndiyo iliyowekwa kando ya kitanda changu. Mama mkwe aliichukua asubuhi kwenda kunijazia chai, akainusa, akaanza kunung'unika jikoni kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, ili nisikie. "Hii chupa nanuka duka. Mtoto wa watu amezaa, atakunywa chai ya kunuka duka?" Akafanya alivyozoea kufanya. Akatia kaa la moto ndani, akafunika, akatikisa. Na chupa ina kioo ndani, mama. Mlio niliousikia, nilidhani gurudumu la pikipiki limepasuka barabarani.

Aliingia chumbani ameibeba kwa mikono miwili, vipande vinalia ndani, uso umemjaa haya. Mimi nikalia. Sikulia kwa sababu ya kioo; nilikuwa nimechoka, kidonda cha uzazi kinaniuma, na chupa ile ndiyo iliyonifanya nijione bado ni mtoto wa mtu. Hapo ndipo nilipokupigia. Naye aliposikia kilio alitoka akaenda kukaa nje, juani, peke yake.

Alasiri Zeinabu akaja kunibebea mtoto. Nikamuuliza kwa hasira kidogo, mama yenu hajui chupa ya chai ni kitu gani? Akasema, "Wifi, anajua sana. Tunazo mbili za wageni, na hajafukiza hata moja. Mama hufukiza vyombo vya wanawe tu."

Nilimwita mama mkwe, akaja, tukakaa pamoja bila maneno mengi, maana Kiswahili chake ni cha kubahatisha na Kiorma changu ndiyo usiseme.

Kuna jingine. Kiangazi ni kikali, na mume wangu Jillo amewapeleka ng'ombe deltani kufuata majani. Nyumbani amebaki mmoja tu anayekamuliwa, na maziwa yake ni haba. Juzi nilitoka uani nikamkuta mama mkwe anakunywa strungi, nyeusi tii. Nikamuuliza maziwa yako wapi. "Tumbo yangu siku hizi napenda strungi," akanijibu, akageuka upande. Zeinabu akacheka, kwa kuwa mama yao anajulikana kijiji kizima: chai bila maziwa huiita maji ya kunawa. Tangu nijifungue hajaonja hata tone. Yote yananijia mimi.

Sisemi maisha ya huku ni mteremko. Joto linakausha hata mate, mbu hawana huruma, na ndizi za kupika kama zetu nazitamani hadi naziota. Lakini kutunzwa, natunzwa. Nakushukuru wewe uliyenifunza kula nilichopewa na kumheshimu mpishi. Nashukuru pia kwa majani uliyonifungia; ndiyo yanayopikwa hapa kila siku, na majirani wanauliza yametoka wapi.

Nisalimie baba sana, Ombati na mkewe, shangazi anayepima majani kituoni, na jirani yetu mwenye kinu cha posho. Mwambie shangazi mtoto amechukua paji lake la uso, asikatae.

Nilikuwa naikunja barua mama mkwe akaingia, akataka kujua nimeandika nini. Zeinabu akamsomea kwa Kiorma, hata pale pa strungi, nikatazamwa kwa jicho kali kidogo. Kisha akaniambia niongeze maneno yake. Uyajue kwanza haya: alipoolewa, baba yake alimpa ng'ombe, na uzao wa ng'ombe huyo ni mali yake mwenyewe, hata Jillo hana kauli juu yake. Nayaandika maneno yake kama alivyoyatoa:

"Ambia mama yako, chupa nimevunja mimi. Iko mtamba yangu nyekundu, karibu kuzaa. Hiyo sasa ni yake. Nyumba hii maziwa ya kwanza anaonja mwenye ng'ombe, sisi hatugusi. Ambia yeye akichelewa, ndama atamaliza yote."

Mama, Ombati hana ng'ombe huku. Wewe unaye. Njoo.

Ni mimi binti yako,
Kemunto