Sikio la Kushoto la Fundi Timazi

Mwaka umetimia, Baba, tangu asubuhi ile ya Jumanne uliposhika njia ya kushuka ngazi za nyumba yetu na usifike chini ukiwa mzima.

Mafundi wenzako walikuita Timazi, kama ule uzi wenye risasi wa kupimia wima wa ukuta, kwa kuwa ukuta uliopigwa lipu na mkono wako haukuhitaji kupimwa mara ya pili. Ulikuwa mpole na mwingi wa mzaha. Uchoyo wako ulikuwa kwa kitu kimoja tu, mwiko wako, ambao hata mdogo wako wa tumbo moja hakuruhusiwa kuuazima. Pombe hukuionja maisha yako yote, ndiyo maana ilituuma ulipoachishwa kazi kwa ulevi.

"Timazi anayumba jukwaani mchana kweupe," alisema msimamizi.

Ni kweli uliyumba. Mashine ya kuchanganyia zege ilipowashwa, dunia ililala upande, nawe ukaukumbatia ukuta. Ulitueleza tusielewe. Ulisema nyayo zako zinagonga ndani ya fuvu lako mwenyewe. Ulisema unayasikia macho yako: ukitazama kushoto, msasa unapita juu ya ubao, ukitazama kulia, unarudi. Tusamehe, Baba, tulicheka. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Mtafiti wa maradhi ya masikio uliyepelekwa kwake na Mama hakucheka. Mama husimulia kwamba yule dada aligonga uma wa chuma ukatetema, kisha akaubandika kwenye kifundo cha mguu wako.

"Unausikia wapi, mzee?"

"Sikioni. La kushoto."

"Basi huna wazimu."

Akakuonyesha pichani. Ndani kabisa ya sikio kuna mifereji midogo inayotuwezesha kusimama wima, na mfupa unaofunika mmoja wa mifereji yako ulikuwa na tundu. Sauti kubwa ilipenya hapo ikakuyumbisha. Ulilia pale pale kitini, mtu mzima na ndevu zako, kwa sababu hatimaye umeaminiwa.

Miaka miwili ya kungoja matibabu ndiyo iliyoifundisha nyumba yetu kunyamaza. Mifuniko ya sufuria ilivishwa vitambaa, miguu ya viti ikavishwa soksi. Hatukuitana kula, tuligusana bega. Mjukuu wako alijifunza kukimbilia nje kupiga chafya. Jirani mmoja aliingia akatukuta mezani, akasimama mlangoni, akanong'ona, "Poleni jamani. Ni nani aliyetutoka?" Ulicheka mpaka ukashika kichwa. "Mwambieni kimya kingi kina mshindo mkuu," ukasema. Jirani hakurudi tena.

Ulikuwa mgonjwa wa saba katika utafiti wa yule dada na wenzake. Waliliziba tundu kwa unga wa mfupa wako mwenyewe, wakakiri hawajui kizibo kitadumu kiasi gani. Ukasaini kwamba siku ukifa wachukue sikio, wakaangalie. Baada ya hapo ulisema umepona. Sisi tuliendelea kunong'ona, kwani mazoea yana taabu, na Mama hakuiamini afya yako hata kidogo.

Mwezi wa nne baada ya upasuaji, Mama akiwa jikoni, mfuniko mpya ambao ulikuwa bado haujavishwa kitambaa ulimponyoka, ukalia sakafuni. Kabla haujatulia, alikusikia ukianguka.

Hospitali walisema ni moyo. Baba Mdogo aligoma kabisa: "Tumzike ndugu yangu hana sikio?"

"Acha walichukue," Mama alimjibu kwa sauti ndogo. "Lile sikio linajua."

Tulidhani ni majonzi yanasema. Arobaini ilikuwa imepita alipotuambia habari ya mfuniko, nasi tukaelewa kwamba alikuwa amelipeleka sikio lako likatoe ushahidi, hata kama ni dhidi yake.

Mfupa wa namna ile hulainishwa kwa dawa miezi mingi ndipo ukatike vipande vyembamba. Basi mwaka mzima sikio lako lilikaa kwenye chupa katika maabara yao, mtaa wa pili, na Mama akalingoja. Kila jioni tulimkuta ngazi ya mwisho, pale ulipolala, kichwa hakitikisiki, macho yakienda kushoto, yakienda kulia, taratibu. Alikuwa anasikiliza. Tulipomgusa bega alisema, "Bado," na tuliogopa kumuuliza bado nini.

Wiki iliyopita tuliitwa. Mtafiti aliweka chini ya hadubini kipande cha kioo kilichobandikwa ukanda mwembamba wa mfupa wako, akampisha Mama.

"Ni yeye huyu?"

"Ni yeye, mama. Hapa ndipo palipokuwa na tundu. Kizibo hakijasogea, na mfupa mpya umeanza kuota juu yake. Sauti ya mfuniko haikuwa na pa kupita. Hospitali walisema moyo, na mimi sioni chochote hapa cha kuwapinga."

Mama hakuliondoa jicho lake hadubinini. Kisha akasema, kwa sauti kamili ambayo hatukuwa tumeisikia tangu nyumba yetu ijifunze kunyamaza, "Baba Watoto. Mwaka mzima umeninyamazia."

Mtafiti alitoka nje akatuachia chumba.

Tulipoandika tangazo la msiba wako, Mama alikataa kutajwa miongoni mwa wafiwa. Alisema jina la mtu kama yeye halikai pale. Leo ametuamuru tumwandike wa kwanza.

Unakumbukwa na mkeo, wanao watatu, mdogo wako, mjukuu wako, na mafundi wote uliopanda nao jukwaa. Siku zote za uhai wetu, Baba, hutatutoka moyoni.