Jagi la Wakubwa

Jumamosi, alasiri. Ukungu haujanyanyuka tangu asubuhi, na mimi nimekaa jikoni kama mtu aliyefungiwa kwa nje.

Leo nilitengeneza panchi ya matufaa, kile kinywaji cha matunda cha kukaribishia wageni. Mume wangu, fundi pikipiki, aliposikia jina akauliza, "Panchi au pancha? Pancha naijua dawa yake." Nilichukua matufaa yetu ya hapa Lushoto, madogo, machachu, yenye makovu, yale ambayo wenye hoteli wanayakataa ili wanunue yanayong'aa yaliyobandikwa vibandiko vya ng'ambo. Nimeshagombana na wengi kwa hilo na sijamaliza. Nikayachemsha na tangawizi na mdalasini wa Muheza, nikachuja, nikapoza, nikakamulia malimau. Majagi mawili. La bluu nikalitia ramu, pombe kali, kwa ajili ya walimu wenzangu wawili wa zamani waliopanda kutoka Tanga. Jeupe sikulitia, kwa ajili ya Mzee Shabani.

Mzee Shabani ni jirani. Mwaka jana tuligombania zamu za maji ya mfereji, nikamwandika humu humu kwenye blogu kwamba ni mnafiki. Akafunga njia inayopita shambani kwake. Tangu hapo nazunguka kilima kizima kufika barabarani. Leo, baada ya kuombwa sana, alikubali kuja.

Nilimwambia wifi yangu Eliwaza, "La bluu ni la wakubwa."

Kosa lote liko kwenye neno hilo.

Mimi nilimaanisha wanywaji. Wifi, mtu wa Lukozi aliyelelewa vizuri, aliangalia sebuleni nani mkubwa kuliko wote, akapiga goti, akammiminia yeye kwanza.

Nilipotoka na sahani ya karanga, glasi ya mzee ilikuwa nusu. "Mwanangu, tangawizi yako inawaka! Hebu niongezee."

Nikisema mbele ya wageni, namwaibisha mtu wa swala tano. Nikinyamaza, namdanganya. Nikamnyang'anya glasi. "Ina mdudu, baba."

"Mdudu wa Lushoto huyo, keshaoga!" Akapewa ya jagi jeupe, akalalamika kwamba haina moto. Walimu wenzangu wakatazama dari.

Akiaga, alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Njia iko wazi, Mama Neema. Pita."

Najua dini yake haimhesabii mtu alichokunywa bila kujua. Ni hoja nzuri. Nimeshashinda mabishano kwa hoja mbovu zaidi.

Lakini mdudu nilimtunga mimi. Mnafiki ni nani sasa?

Binti yake humsomea blogu hii. Sitaki ayasikie huku kwanza. Ukiyaona haya yamechapishwa, ujue nimeshamwambia kwa mdomo wangu, naye ameniruhusu.

Viatu nimeshavaa. Naenda kwa njia aliyonifungulia. Kurudi, sijui nitapita wapi.