Dakika tano bila kumjibia Adelard

Eufrazia, upo? Zipu ya begi sebuleni ndiyo iliyoniamsha leo, kabla hata ya adhana. Adelard anafungasha kurudi Songea! Baada ya miaka arobaini na moja ya ndoa!

Nikamwambia hutoki mpaka twende Chang'ombe, kwa yule mwanasaikolojia tuliyetafutiwa na mjukuu wetu Bupe. Mie nilijua ni kesi. Nikabeba cheti cha ndoa na mashtaka sita kichwani, nangoja mzee apigwe faini.

Kumbe mwenyewe ni kibinti. "Hapa hatuhukumu, bibi." Sasa tumefuata nini?

Akauliza, "Babu, nini kinakuuma?" Nikajibu, "Mgongo." Akasema, "Nimemuuliza babu." Akauliza tena. Nikajibu tena! Mwenzangu, akaniomba ninyamaze dakika tano. Mie! Dakika tano!

Adelard akakohoa. "Tangu nistaafu, hata nikiamkiwa shikamoo, marahaba anaitikia yeye."

Halafu akalia. Yule kisiki, akalia! Binti hakumharakisha, akamsogezea maji tu.

Kweli namjibiaga, Eufrazia?

Tumerudi nyumbani Kinyerezi. Mwezi mzima analala chumba cha uani na mie sijatia mguu. Jioni hii nimempelekea uji, nikakaa juu ya ndoo, nikauma ulimi. Kaongea mpaka uji ukapoa. Anaogopa kuwa mzigo, na mie sikujua.

Nilipoinuka akataka kusema kitu, akasita. Nusura nimmalizie.

"Demetria," akasema, "kesho njoo tena."