Askari wa Biskuti

Igoma, Jumapili

Hasira haijanitoka. Tulibeba vigoda vyetu kama kawaida kwenda kwa Mama Neema, jirani mwenye televisheni, na lile tangazo la biskuti likaja tena. Askari mwenye bendera yetu begani, tumbo nje, amelala mpakani akikumbatia bunduki. Mgeni anampa biskuti moja, naye anapiga saluti na kumfungulia geti.

Sebule nzima ikacheka. Mama Neema akasema, "Ndivyo tulivyo, jamani. Kula na kulala!"

Mume wangu Masanja, aliyekaa mlangoni, alicheka kuliko wote. Masanja, aliyekwenda vita vya Kagera akarudi anachechemea! Mwaka ule mama zetu walikausha michembe ya viazi kuwapelekea askari. Hakuna aliyeomba biskuti.

Nyumbani nikamuuliza alichekea nini.

"Nilicheka ili wasinitazame."

Nikigombana na Mama Neema, watoto watakosa pa kutazamia mpira. Hilo linanisumbua. Basi, wakose. Kesho tangazo likianza nitasimama mbele ya kioo cha televisheni. Anayetaka kumwona askari wa Tanzania ageuke nyuma. Hukaa pale mlangoni, mguu kaunyoosha kwa sababu haukunjiki, wala hasinzii.