Gauni la Komunyo

Alhamisi, usiku

Bado nina hasira. Yule bibi wa Bigwa amenikalia dukani leo kama askari, wateja wote wanaona.

Gauni la mjukuu wake la komunyo ya kwanza nimekuwa nikimwambia "njoo kesho" tangu alipoleta kitambaa. Nilikikata siku ileile, si kwamba nilitaka kushona, ila asije akakipeleka kwa fundi mwingine. Mafundi wengi hapa Mwembesongo tuko hivyo. Kisha nikapokea vitambaa vya wengine, nikakata, nikarundika. Sasa hilo rundo naogopa hata kulitazama.

Leo nikamwamkia, nikasema, "Bibi, njoo kesho."

"Marahaba," akasema, akavuta kiti mbele ya cherehani, akatoa njegere kwenye kikapu, akaanza kumenya.

"Bibi, utachoka."

"Misa ni Jumapili, mwanangu. Wewe shona, mimi namenya."

Nikashona nimenuna, naikanyaga ile pedeli kama imenitukana. Simu sikugusa. Kwa jirani sikwenda kuazima uzi ambao ninao.

Gauni likaisha, njegere bado.

Hicho ndicho kinachonichoma! Uongo wote ule, kujificha nyuma ya pazia nikisikia sauti yake, usingizi niliokosa, kwa kazi iliyoisha hata kabla ya kikapu cha njegere. Bora angenitukana.

Kiti chake nimekiacha palepale. Kesho anakuja mama wa kwaya kuulizia sare zao. Naye akae. Na aje na kitu cha kumenya.