Mguu Uliokosa Mnunuzi

Hapana, Mama, yule Mama Emanueli sijamsamehe. Ulikuwa umeanza kunihubiria simu ikakatika, na huku Ololosokwan mtandao ukiondoka umeondoka, basi namalizia kwa barua. Shikamoo. Ng'ombe ameshazaa? Kifua cha Baba kinaendeleaje na baridi ya Rhotia? Sisi wazima, na mimi ninapendwa mpaka naona aibu kukuandikia.

Miezi mitatu ya ndoa, na Saning'o bado ananichemshia maji ya chumvi kila asubuhi kabla ya kwenda kufundisha. Anaukanda mguu wangu huku akiomba, taratibu, kama anayefuta vyombo vya meza ya Bwana. Anasema mwili tumeazimwa na Mungu, kuutunza ni ibada. Nikimtazama nalishukuru hata lile benchi la mazoezi ya viungo hospitalini Karatu tulipokutana, yeye akitibiwa bega, mimi mguu.

Kisha namkumbuka Mama Emanueli. Ile Jumapili kwenye mnada wa sadaka nje ya kanisa, mimi nimekaa na fimbo yangu, yeye na kuku wake mkononi: "Mwanangu nimemkataza. Mguu kama ule hata hapa mnadani hauna mnunuzi!" Watu wakacheka. Ulikuwa mwezi mmoja tu tangu nianguke na bodaboda nikitoka kwaya, na pete ya uchumba ya mwanawe ilikuwa bado kidoleni mwangu. Tangu siku hiyo mzee wa kanisa akawa ananiletea kikapu cha sadaka kitini, wenzangu wote wakienda mbele kwa miguu yao.

Basi nafanya mazoezi. Nashika mwimo wa mlango, nainua kisigino, kila kipande cha Baba Yetu mara moja. Nikifika "waliotukosea" kisigino kinashuka puu!

"Mke wangu," Saning'o ananicheka, "mazoezi haya ni ya Mungu au ya Mama Emanueli?"

"Wagawane," namjibu.

Juma lililopita hasira ilinizidi. Siku niliyoambiwa nipumzike nikaenda kisimani na kurudi mara mbili, bila fimbo, kila hatua namwona yule mama mbele yangu. Jioni mguu ukavimba kama kibuyu. Nililia, Mama, wala si kwa maumivu. Niliogopa nitarudi nyumbani na fimbo, naye anione.

Saning'o hakunigombeza. Aliuweka mguu juu ya mto, akanipa maziwa mgando, akasema, "Pumziko lako ni la Mungu, nawe umekwenda kulitoa sadaka kwa Mama Emanueli."

Yalinichoma. Siku nne nikalala, nikala, nikaomba, sikuinua hata kidole. Ni kazi ngumu kuliko kutembea! Sikumdanganya Mungu kwamba nimesamehe. Nilimwomba usingizi tu, akanipa. Uvimbe umekwisha. Jana nimezunguka uwanja wa shule bila fimbo, nikakoma pale nilipoambiwa nikome.

Nisalimie Baba, na shangazi aliyenishonea gauni, na mdogo wangu anayeshika nafasi yangu kwaya. Mkweo anakuita yeyo, ndivyo wanavyomwita mama huku.

Kabla mwezi huu haujaisha tutakuja, ile Jumapili ya mavuno. Mwambie mzee wa kanisa asihangaike na kikapu. Nitakifuata mwenyewe, polepole, nikipitia kwenye benchi la Mama Emanueli.

Mwanao mwenye furaha,
Paulina