Walii wa Kijakazi

Jumanne, 14 Novemba 1972

Baridi ya kukata masikio. Nimerudi kutoka darasani miguu siisikii. Kijakazi kanikanda mpaka damu ikarudi. Ana mikono mizuri, sikatai. Lakini mdomo! Kaniuliza kama Jumamosi anaweza kutoka. Kutoka kwenda wapi? Kutembea tu, Bibi. Kutembea! London nzima hii hamjui hata paka.

Darasani Miss Priscilla anatufundisha Kiingereza kwa kutusomea historia ya kwao. Leo mabwana wa zamani wa Ulaya. Bwana ana ardhi, wa chini wanamlimia, naye anawalinda. Mtu wa shamba hahami bila ruhusa ya bwana. Binti yake haolewi bila ruhusa, na ruhusa yenyewe inalipiwa! Wenzangu wakaguna. Mimi nikasema ni utaratibu mzuri, kila mtu anajua pa kukaa. Miss Priscilla akacheka, akidhani natania.

Alhamisi, 23 Novemba

Juu yetu wamehamia Wahindi waliofukuzwa Uganda. Mke anaitwa Indu. Jumatatu kaja kuazima sufuria, akakaa saa nzima. Kampala, anasema, alikuwa na boi, yaya na mtu wa bustani. Sasa anasugua choo mwenyewe, na wiki ijayo anaanza kazi ya kufua mashuka ya hospitali. Anayasema hayo huku anacheka! Mimi ningekufa.

Akamtazama Kijakazi, yuko magotini anapangusa sakafu. Akaniuliza, "Huyu wewe nalipa nini?" Nikamwambia huyu halipwi, huyu wa nyumbani. Bibi yake alikuwa mtumwa wa babu yangu. Babu akamwacha huru, wala hawakwenda popote. Anakula, anavaa, analala jikoni penye joto. Anataka nini tena?

Indu kainuka. Kachukua sufuria kaenda zake. Mpaka leo hajairudisha.

Jumamosi, 2 Desemba

Lo! Kumbe kutembea ni mwanamme!

Hamad, Mpemba, anapika hospitali. Walijuana duka la Mhindi hapa Tooting, wakigombea mhogo. Mchana kaja kwangu kavaa suti, kachukua na haluwa, kaposa kwa adabu zote. Kafiwa na mke, ana watoto wawili wamebaki Pemba kwa shangazi yao. Nikamuuliza baba yake alikuwa nani. Mchumaji wa karafuu. Hata hakuona haya kulisema.

Nikamjibu na mimi kwa adabu. Kijakazi hana baba, hana kaka, hana ami. Walii wa kumuoza ni sisi tuliomwacha huru bibi yake, na mwanamme wetu ni mmoja tu, ndugu yangu Ameir, yuko Portsmouth. Bila ya Ameir hiyo si ndoa, ni zinaa. Kijakazi kasimama mlangoni kwa jiko, kichwa chini. Dini yake anaiogopa, huyo. Hathubutu.

Ameir nimemlea kwa mkono wangu. Nikimwambia kaa, anakaa.

Haluwa nimeila. Nzuri.

Jumanne, 5 Desemba

Nimempigia Ameir kwenye simu ya ukumbini, nimemwambia akatae. Kasema, "Haya dada, haya," mbio mbio, basi linamngoja. Kondakta! Mtoto wa baba yangu anakata tiketi.

Darasani tauni. Ilikuja huku Ulaya ikafyeka watu, mashamba yakakosa mikono. Waliosalia wakajua thamani yao. Bwana asipolipa, wanahamia kwa jirani. Wakubwa wakatunga sheria, mshahara usipande na mtu asihame. Haikusaidia kitu. Mmoja wetu, Telesphor wa Bukoba, akapiga meza kwa furaha. Nikanyosha mkono nikauliza, sasa hao mabwana nani akawapikia? Miss Priscilla akasema pengine walijifunza. Darasa zima likaangua kicheko.

Mimi sikuona cha kuchekesha.

Jumatatu, 18 Desemba

Indu ndiye fitina! Kampeleka Kijakazi hospitali kwenye mashuka yao, wakamwandika pale pale, eti watu hawatoshi. Asubuhi kaja kuniambia, "Bibi, nitarudi saa kumi." Ananiarifu! Haniombi, ananiarifu!

Nimemnasa kibao. Hakulia. Katengeneza ushungi wake, kashuka ngazi.

Nimemwaga chakula alichojiwekea. Chai nimejipikia mwenyewe, nimeungua kidole, na chai yenyewe maji ya mto. Aliporudi nikasubiri avue viatu, nikavitupa dirishani mvuani. Tuone kesho ataenda na nini.

Jumanne, 19 Desemba

Kaenda na viatu vya Indu.

Alhamisi, 28 Desemba

Darasa limefungwa kwa Krismasi, nipo ndani kutwa. Nimemwita Hamad. Nikamkaribisha kahawa, nikamwambia kama dada yake: Kijakazi hazai, na kichwa hakiko sawa, usiku anazungumza na majini. Uwongo mtupu. Sauti niliipandisha makusudi ili jikoni isikike.

Hamad akamaliza kikombe. Akasema watoto anao, na hao majini atawasalimia.

Kijakazi akatuletea kahawa ya pili. Nilimtazama mkono. Hakumwaga hata tone. Mimi yangu nimeimwagia mezani.

Naogopa. Haya, nimeliandika. Akienda huyu, nani hapa atanijua mimi nani? Dukani mwenye duka ananiita "love". Mimi, mwenye mashamba kabla ya mapinduzi! Kijakazi peke yake London nzima ndiye anayeniita Bibi, naye nampa Mpemba wa jikoni? Hata!

Jumamosi, 6 Januari 1973

Ameir kapiga simu. Kesho anakuja, na sheikh.

Kumbe Hamad kamfuata Portsmouth, wamekula pamoja, wamecheka pamoja. Nikamwambia, we Ameir, n'shakwambia ukatae! Akasema, "Dada, si wewe uliyesema neno ni langu? Basi nimelisema." Nikamkumbusha baba. Nikalia. Akasema, "Pole, dada," nikadhani nimempata. Halafu akasema amechoka kuwa bwana wa mtu, na Jumatatu zamu yake inaanza alfajiri.

Nimemkatia simu. Kijakazi alikuwa juu anapiga pasi kwenye chumba cha Indu, mlango wazi, anaimba.

Jumapili, 7 Januari

Nimemfungia jikoni. Aliingia kunichemshia maji, nikazungusha ufunguo kwa nje. Nami niko chumbani kwangu, komeo nimetia. Hakupiga kelele. Nasikia sauti ya maji tu, anaosha vyombo.

Wamekuja. Ameir, Hamad, Sheikh Msabaha na Wapemba wawili wa ushahidi. Wamejaa ukumbini, wananuka udi. Indu kateremka, namsikia bangili zake. Ameir anagonga kwangu. Dada, fungua. Dada, ufunguo. Nimemwambia hakuna biharusi hapa, na bila ya biharusi hakuna harusi. Rudini mlikotoka!

Ameir akaacha kugonga. Nikajua nimeshinda.

Sheikh akakohoa. Kaniuliza, kwa upole kabisa, mimi niliozwa wapi? Si msikitini, wanaume watupu, nami niko nyumbani nasingwa kwa manukato? Basi.

Ya Rabbi. Nilisahau. Nilikuwa chumbani nimefunikwa shuka, na baba yuko msikitini ameshika mkono wa mume ambaye sijamwona. Biharusi hatakiwi. Anatakiwa walii.

Na walii nimewapa mimi.

Sheikh anamwita Kijakazi kwenye mlango wa jiko, anamuuliza ridhaa yake. Miaka yote hii sijapata kuisikia sauti ile ikipanda. Leo nyumba nzima imeisikia. "Nimeridhika! Namweka Bwana Ameir wakili wangu aniozeshe na Hamad!"

Wanasoma khutba pale pale ngazini. Nilianza kuimba maulidi kwa nguvu ili nisisikie, beti zikanipotea. Ameir anasema nimekuozesha Kijakazi binti Shaame. Mdogo wangu, hata hakugugumiza. Hamad anasema nimekubali.

Kigelegele. Kimoja, kirefu, kinatoka jikoni. Anajipigia mwenyewe! Indu huko nje anapiga makofi, mpaka yule mzee wa Kizungu wa chini anauliza kuna nini. Wanampa haluwa.

Sasa wametulia. Ameir kawaambia wasivunje mlango, kitasa si chetu. Viatu vya mtu mmoja vinakuja kwangu. Hamad.

"Shikamoo, Bi Sheikha." Ananiamkia! "Naja kumchukua mke wangu."

Ufunguo nimeukalia, unaniuma. Jana ningemfungia angekuwa wangu, ningesema hivyo kwa polisi, kwa sheikh, kwa yeyote. Leo jikoni kwangu kuna mke wa mtu. Nikimjibu, nimeshamkubali kuwa mumewe. Nisipomjibu, mkewe yuko pale pale jikoni.

Anagonga tena. Taratibu, kama mgeni.